Kisima cha Nyirantare

Ndosho, Goma, tarehe 10 Februari 2002

Papa mupendwa,

Nakusalimia wewe na mama katika jina la Bwana. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na ile ng'ombe ya mabaka imeshazaa? Sisi tuko wazima, ijapokuwa hilo neno siku hizi tunalitamka polepole. Volkano ilipopasuka tulikimbilia Sake, Ushindi mugongoni, sufuria kichwani. Nilisahau godoro, nilisahau kitambulisho, lakini sufuria nilibeba! Mume wangu Honoré ananicheka mpaka leo. Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama. Lava ilipita katikati ya muji, ikala maduka na makanisa, ikaingia ziwani. Ilituachia Ndosho.

Sasa kinachotumaliza ni maji. Robine za maji zimekauka tangu siku ile. Kila asubuhi nashuka na bidon mbili za maji mpaka Kituku ziwani, saa moja na nusu kwenda, saa mbili kurudi. Pale wavuvi wanaosha mitumbwi, watu wanaoga, wengine wanafanya yale nisiyoweza kukuandikia, na sisi tunachota papo hapo. Ushindi ameharisha siku tano. Mutoto wangu amebaki macho, papa. Kwenye avenue yetu kolera imeshazika watu wawili.

Ndiyo maana naandika. Jirani yetu Bulonza anasema baba yake alikunywa maji ya kisima cha Nyirantare, bibi yangu, mama yako wewe. Anasema kisima kiko nyuma ya kiwanja hiki ulichotupatia, katika lile shimo lililojaa mawe. Kweli? Nimekaa juu ya maji miaka sita bila kujua? Honoré ni fundi wa mawe, anasema akipata wanaume kumi atayatoa yote.

Nakuomba majibu mawili tu. Maji yalikuwa mazuri? Na kuko mazuku mle? Unajua ule upepo mubaya usioonekana, unaolala mashimoni. Tangu volkano umeua mbuzi wengi huku. Kama uko, tuambie, tutaacha.

Barua hii inapanda na Florent wa gari ya maharagi. Mupe majibu akishuka.

Binti yako,
Joyeuse


Nyamitaba, Masisi, tarehe 24 Februari 2002

Mama Ushindi, binti yangu,

Amani ya Kristo iwe pamoja nanyi. Barua yako tuliisoma tukiwa tumesimama, kwa sababu redio ilisema Goma yote imekwisha. Tumshukuru Mungu. Ng'ombe ya mabaka imezaa dume, tena lenye nguvu. Magoti ya mama yako ni yaleyale. Kilima cha ng'ambo walipigana juzi kutwa nzima, tulilala porini siku mbili, tumerudi, viazi tumevikuta.

Kuhusu Ushindi, mupe maji ya muchele yenye chumvi kidogo. Nimemuombea kila jioni.

Kuhusu kile kisima, kilikauka. Kilikauka mwaka 1970, mwaka uleule dada yako Munezero, ambaye hukumukuta, alichukuliwa na homa. Tukaona hatuna sababu ya kubaki, tukahamia huku. Musipoteze nguvu za Honoré kwa kuhamisha mawe. Chemsheni maji ya ziwa, na kusali kusikauke nyumbani mwenu.

Mama yako anakusalimia. Leo hakuongeza mustari wake chini kama kawaida. Macho yanamusumbua.

Baba yako,
Wenceslas Habarurema


Ndosho, tarehe 8 Machi 2002

Papa mupendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ushindi anakula tena, jana amenipiga na mwiko, kwa hiyo amepona. Asante kwa maji ya muchele. Hongera kwa dume.

Lakini papa, kuchemsha kwa kuni gani? Bei ya gunia la makala ya kupikia imepanda mara tatu. Na hayo macho ya mama, tangu lini? Wakati wa Noeli mama alinishonea shuka yenye maua madogo kama punje za ulezi.

Nisamehe, ninasema sana. Ni uchovu.

Hatukungoja. Kuna kikundi cha wamama ishirini na mbili, mukubwa wetu ni Henriette, muke wa Bulonza. Ungemupenda. Anaimba soprano kwenye korali na kutukana kwenye foleni ya maji, sauti ni moja. Henriette ndiye aliyesema, "Maji ukiyavulia nguo lazima uyaoge," akawapanga wanaume kwa zamu kama wanafunzi. Wiki ya pili Honoré aliweka sikio kwenye jiwe, akatuita. Papa, yanasikika! Maji yanatembea chini. Kisima kilichokauka hakisemi.

Katikati ya mawe tumekuta chungu cha udongo. Kina matundu pande zote, ndani ni masizi matupu, na kwenye shingo kuna alama ya kamba. Hakuna anayejua kazi yake. Bulonza anadhani ni cha kuchomea nyuki. Ni cha nini?

Tumekuta pia mijusi mitatu imekufa. Tumesema ni joto la volkano.

Tena, haukunijibu juu ya mazuku. Nimesoma barua yako mara tatu, nikamupa Honoré naye asome. Mutu aliyefundisha katekisimu miaka thelathini hasahau swali. Basi nimechukua kunyamaza kwako kuwa ni hapana.

Joyeuse


Nyamitaba, tarehe 17 Machi 2002

Joyeuse,

Salamu. Tuko salama.

Hicho chungu kivunje. Ni kitu cha kipagani, ni cha wakati wa giza. Usikiweke ndani ya nyumba, usimuonyeshe padri, usiulize watu juu yake. Kivunje vipande vidogo.

Shimo lifungeni. Nimekuambia ukweli wa kutosha. Naongea kama baba, sitaki barua nyingine juu ya neno hili.

Mama yako anakusalimia.

W. Habarurema


Ndosho, tarehe 2 Aprili 2002

Papa mupendwa,

Pasaka njema kwako na kwa mama! Amefufuka kweli. Natumaini huko risasi zimenyamaza, huku zimenyamaza ila kwenye barrière ya Sake, kile kizuizi cha njiani, ambako wanajeshi wanaomba kila kitu mpaka viatu.

Usikasirike bado, kwanza nikueleze.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, tumefungua kisima. Honoré alijenga ngazi kumi na nne za mawe ya volkano. Upepo wa ziwa ulivuma siku nzima, vitambaa vya wamama vilikuwa vinaruka. Mimi nilishuka wa kwanza kwa sababu ni kwetu. Maji yanatoka chini ya mwamba, membamba kama mukono wa mutoto, lakini hayakatiki. Ni baridi, papa! Nilikunywa nikalia. Henriette alishuka nyuma yangu akapiga kigelegele mle shimoni, mawe yote yakamujibu. Bidon hamusini na tatu kwa siku moja. Hakuna aliyekwenda Kituku.

Kwa hiyo nimetii nusu ya neno lako. Shimo sikulifunga. Chungu nilikivunja, vipande vidogo, ulivyosema. Henriette alikuwa anakitaka awe anabebea makala, nikamuambia hapana, baba yangu amekataza. Alininunia siku nzima.

Sasa kuja uone. Wewe ulizaliwa hapa. Ni aibu mimi kukinywa kisima cha bibi na wewe ukae unakunywa maji ya ng'ombe.

Joyeuse wako


Nyamitaba, tarehe 7 Aprili 2002

Joyeuse,

Leo sisalimii. Kabla ya kusoma mustari unaofuata, tuma mutu asimamishe wote. Asishuke mutu.

Umetuma? Basi sikiliza.

Kuko mazuku. Siku za upepo wa ziwa hakuna shida, unaufagia ule mubaya. Siku ambayo majani hayatingishiki, hasa alfajiri, huo mubaya unalala chini kwenye maji, unafika magotini, siku nyingine kiunoni. Mutu aliyesimama hausikii. Mutu akiinama kuchota, hainuki.

Kile chungu kilikuwa cha kupima. Kila asubuhi mama yangu aliweka makala na ganda kavu linalowaka, akakishusha kwa kamba mpaka chini kabisa, wanawake wote wakiwa juu wanangoja. Moto ukiishi, wanashuka. Moto ukizimika, anasema maneno yake, na wote wanarudi nyumbani bila kubisha. Miaka yote aliyokilinda, hakufa mutu.

Mwaka 1970 nilikuwa katekiste mupya, na kiburi kipya. Nilimuona mama yangu na moto wake na maneno yake nikasema anafukizia mizimu, anaitambikia mbele ya wabatizwa wangu. Siku moja ya Mungu, baada ya ibada, nilimunyang'anya chungu mbele ya watu wote nikakitupa chini katikati ya mawe. Niliwaambia, "Mukristu anashuka na ishara ya musalaba, inatosha." Wakanisikiliza. Wengine walipiga makofi.

Wiki tatu baadaye Munezero alishuka na kibuyu chake. Alikuwa na miaka saba. Hakukuwa na homa, binti yangu. Homa niliitunga mimi. Mimi na ndugu zangu tulijaza shimo mawe kwa siku mbili, na watu niliwaambia kisima kimekauka. Mama yangu aliishi miaka mine tena, hakunilaumu hata mara moja. Heri angenilaumu.

Dada yako yuko chini ya muti wa umuko nyuma ya nyumba, pale munapofunga kamba ya nguo. Ulipozaliwa nilikupa jina lake kwa Kifaransa, maana kwa Kinyarwanda singeweza kulitamka kila siku.

Uliniuliza waziwazi nikakwepa. Nilifikiri nikisema kimekauka mutaacha. Nilipoona umekipata chungu, niliogopa kwa sababu ya jina langu. Mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Nimeandika barua hii mara tano na kuichana mara ine.

Ni yako na Honoré peke yenu. Usiisome mbele ya watu, nakuomba.

Nampa Florent sasa hivi. Ameniahidi kesho jioni utakuwa nayo.

Baba yako


Ndosho, tarehe 13 Aprili 2002

Papa,

Natumaini mama na wewe muko salama. Florent hajaonekana, wanasema njia imefungwa. Barua hii naituma na mwanamuke mumoja wa Nyamitaba anayepanda kwa miguu.

Jana tumemuzika Henriette.

Alhamisi hakukuwa na upepo hata kidogo, moshi wa majiko ulikuwa umesimama juu ya nyumba. Alikwenda wa kwanza, kabla ya wote, kwa sababu korali ilikuwa na mazoezi asubuhi. Tulipofika tuliona bidon yake inaelea. Yeye alikuwa amelala juu ya ngazi ya mwisho, uso ukiangalia maji, kitambaa chake hakikulowa hata. Bulonza alishuka kumubeba, akaanguka naye. Honoré alimukamata muguu akamuvuta. Bulonza alitapika akaamuka. Henriette hakuamuka.

Tumefunga shimo na mabati. Watu wamerudi Kituku, na tangu jana kuko kolera tena kwenye nyumba mbili. Sokoni wanasema Nyirantare alikuwa mulozi, na mimi mujukuu wake nimemufungulia mulango. Mwanamuke mumoja ametema mate nilipopita. Bulonza anakaa mbele ya mulango wake na viatu vya muke wake mapajani.

Papa, nakuuliza mara ya tatu. Mle ndani kulikuwa nini?

Joyeuse


Ndosho, tarehe 29 Aprili 2002

Papa,

Nawasalimia wote wawili. Ushindi ni muzima. Honoré anakohoa tangu siku ile, anapata nafuu.

Florent alifika juzi. Kwenye barrière ya Sake wanajeshi walimunyang'anya gari siku kumi na nane ili wabebee askari wao, na barua yako ilikuwa ndani, chini ya kiti. Bahasha imefunguliwa. Kwa hiyo kabla yangu mimi, wanajeshi walishajua dada yangu alikufa na nini.

Niliangalia tarehe. Tarehe saba. Henriette alikufa tarehe kumi na moja. Nikahesabu kwa vidole kama mujinga. Halafu nikakumbuka barua ya Februari. Ile ilifika vizuri, papa! Hakuna barrière iliyoizuia. Kama ungeandika neno moja tu Februari, "kuko," Henriette angekuwa anatukana watu kwenye foleni leo. Na chungu alikitaka yeye. Alikiomba! Nilikivunja mbele ya macho yake kwa sababu wewe ulisema.

Nina hasira nawe, papa. Na mama pia alijua. Macho, macho, kumbe ni kalamu iliyokuwa inamuunguza.

Sasa nikuambie nilichofanya. Nimeisoma barua yako mbele ya wamama wote, ukurasa kwa ukurasa, hata pale unapoomba isisomwe. Nilimuita na Bulonza. Nilimaliza kusoma. Yule aliyenitemea mate alikuwa anaangalia chini. Bulonza alisimama akaenda zake, nikajua anakwenda kuchukua panga. Akarudi na boîte kubwa, kopo la maziwa ya unga. Ameitoboa na musumari pande zote, ameifunga waya. Akaniuliza, "Baba yako amesema mpaka chini kabisa?" Nikamuambia ndiyo.

Tangu jana anapima. Jana upepo ulikuwepo, moto uliishi, tulichota. Leo asubuhi ulizimika. Boîte ilifika chini, ukawa kama mutu ameupuliza. Tulisimama wote pale na bidon tupu, hakuna aliyejua kufanya nini. Bulonza anakuuliza maneno ambayo Nyirantare alisema moto ukizimika. Anataka yaleyale, si ya kutunga. Mimi pia nayataka.

Chini ya umuko nimetoa kamba ya nguo. Nimemwaga pale kibakuli kimoja cha maji ya jana. Sikujua niseme nini, nilisema tu, "Dada, mimi ndiye Joyeuse."

Sijakusamehe. Usiniandikie mistari ya Biblia. Kuna bidon moja nimekuwekea nyuma ya mulango. Sitaituma. Utakuja uinywe hapa, na useme yako yote mbele ya Bulonza, kwa mudomo.

Joyeuse


Nyamitaba, tarehe 6 Mei 2002

Joyeuse,

Nakusalimia, na kupitia kwako namusalimia Bulonza, ikiwa atakubali salamu yangu.

Sitaandika Biblia. Yote uliyosema ni kweli, na hata tarehe umezihesabu vizuri.

Maneno ni haya. Moto ukizimika, mama yangu alivuta kamba, akawaangalia wanawake na kusema, "Leo imekataa. Kesho." Basi. Mimi mutoto wake nilimusikia akisema hivyo kila wakati moto ulipozimika, tangu nanyonya. Hakutaja muzimu, hakutaja mungu mwingine. Alikuwa anawaambia watu warudi nyumbani. Nilikataza sala ambayo haikuwa sala, na sikuwahi kumuuliza mama yangu alikuwa anafanya nini. Muambie Bulonza aseme hivyohivyo, kwa sauti ya kawaida.

Tunashuka Alhamisi. Gari ya Florent inafika Sake tu, wamemuachia bila matairi ya akiba. Kutoka pale nitakwenda kwa miguu, na mama yako nitamupangia chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amekwisha kuniambia atakayemucheka atamuona. Nitapita kwanza kwa Bulonza, kabla ya kuingia kwako. Akinifukuza nitakaa nje ya mulango wake mpaka aniite. Baadaye nitakwenda kwenye umuko. Halafu ndipo unipe maji, ukitaka.

Baba yako,
Wenceslas

Joyeuse, ni mimi mama yako. Macho yangu ni mazima. Njiani nitamushika mukono, asije akarudi.